Muulize Mkufunzi: Muokoaji akikosea, nani amwambie?

Wasomaji hamjambo. Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba mtu wa huduma ya kwanza, hata akifunzwa vizuri namna gani, ipo siku atakosea, basi barua zikamiminika. Wengine mmenishukuru, mmoja wa Jinja ameniita mtetezi wa wazembe (nakusalimu ndugu yangu, barua yako nimeisoma yote). Nimechagua tano, na baadhi nimezikata maana zilikuwa ndefu kuliko gazeti lenyewe.

SWALI: Mzee habari ya siku. Mimi ni boda wa stegi moja hapa Busia, tulifunzwa huduma ya kwanza wanaboda wengi tukapewa na reflekta na glavu. Sasa juzi kumetokea ajali barabara ya kwenda Tororo, mwenzetu kagongwa na lori kalala chini, helmeti bado iko kichwani, anaongea kidogo kidogo anasema shingo inamuuma. Akafika kiongozi wa timu yetu, mtu mzima, mzoefu, akasema toeni helmeti haraka mbebeni kwa pikapu. Mi nikamwambia hapana mzee tulifunzwa tusitoe kama mtu anapumua, akanijibu wewe mtoto wa juzi unanifunza kazi? Wakavuta helmeti kwa nguvu, wakampakia. Ashukuriwe Mungu yule jamaa anatembea, lakini mi hadi leo usingizi hauji. Ningefanyaje? Na kwa nini mtu mwenye uzoefu akosee kitu ambacho hata sisi wa juzi tunakijua?
Mwanaboda, Busia

JIBU: Kijana wangu pole, na hongera pia maana ulisema, wengi pale wangenyamaza.

Tumalize ya helmeti kwanza. Ulikuwa sahihi. Mtu akiongea maana yake njia ya hewa iko wazi, na amekwambia kwa mdomo wake shingo inauma, basi huyo helmeti inabaki hapo hapo, mmoja wenu anapiga magoti upande wa kichwani anakishika kwa mikono miwili kisiyumbe, mnasubiri watu wenye ubao. Inatolewa tu kama hapumui, au anatapika na huwezi kuufikia mdomo, na hata hapo ni kazi ya watu wawili, mmoja ameshikilia taya na shingo, mwingine anaitanua pembeni anaivuta polepole. Helmeti nyingi za boda wetu ziko wazi usoni kwahiyo sababu ya kuitoa inapungua zaidi.

Sasa hili la uzoefu. Uzoefu hauondoi makosa, unabadilisha aina yake tu. Mgeni anakosea kwasababu hajui afanye nini, mzoefu anakosea kwasababu mkono wake unaanza kazi kabla macho hayajamaliza kuangalia. Kiongozi wenu pengine amebeba majeruhi kwa pikapu tangu enzi ambulansi ilikuwa kitu cha kusikia redioni, wengi wao wakapona, basi kichwa chake kimejiwekea kwamba kinachookoa ni haraka. Ongeza hapo umati, honi, watu na simu zao wanapiga video, dereva wa lori anatafuta pa kukimbilia, na akili ya binadamu ikibanwa hivo inashika kitu kimoja tu, kingine haioni wala haisikii. Kiburi nacho kilikuwepo, tusidanganyane, ila hata mtu mnyenyekevu linampata.

Kuna kisa cha Uingereza ambacho wakufunzi wengi wanakisimulia siku hizi. Tarehe 29 Machi 2005 mama mmoja wa miaka 37, Elaine Bromiley, aliingia hospitali kwa upasuaji wa kawaida wa sainasi. Akapewa dawa ya usingizi, njia ya hewa ikakataa. Madaktari watatu wazoefu, vifaa vyote vipo, wakahangaika na kuingiza mpira kooni dakika zaidi ya ishirini wakati mwili hauna hewa ya kutosha. Muuguzi mmoja akaleta vifaa vya kutoboa koo akawaambia viko tayari, hawakumsikia. Mwingine akaenda kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi, aliporudi kuwaambia wakamwangalia kama mtu anayekuza mambo, akaenda akakifuta. Yule mama alikufa siku 13 baadaye. Wauguzi waliona, madaktari wenye uwezo wa kutoboa koo walikuwa wamesimama hapo hapo, na bado.

Mumewe Martin ni rubani wa ndege. Hakwenda kutafuta mtu wa kufunga, alitaka uchunguzi ili wengine wajifunze, na mwaka 2007 akaanzisha kikundi cha kupeleka mafunzo haya kwa watu wa afya. Kwa marubani lilikuwa somo la siku nyingi. Mwaka 1977 ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani Tenerife wakafa watu 583, na ndani ya moja ya ndege hizo injinia alikuwa ameuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, kapteni akajibu imetoka, habari ikaisha hapo wakaendelea kukimbia kuruka. Toka siku zile mashirika ya ndege yakaanza kufundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Hilo la pili ndo gumu.

Kwa hiyo wewe ungefanyaje. Uliruka ngazi bana. Ulianza na "hapana, tulifunzwa", mbele ya watu, kwa mtu wa umri wa baba yako, na kwa desturi zetu hapo umeshamvua nguo hadharani, atakukatalia hata kama moyoni anajua una haki. Wanaofunza marubani wana ngazi nne, mi nazileta stegi hivi. Unaanza na swali, "Mzee, umemsikia anasema shingo?" Swali halimshushi mtu, linamfanya aangalie tena. Akipita nalo, mwambie unachoogopa, "Mzee mi naogopa, tukivuta hii huyu anaweza asitembee tena." Bado? Mpe njia ya kutokea, "Mzee nakuomba, mi nashika kichwa, wewe tuongoze, tumbebe na helmeti yake." Hapo umemwachia uongozi, wewe umechukua shingo. Na kama yote yamegonga mwamba, inabaki amri moja tu, SIMAMA, kwa sauti, na mikono yako tayari iko kwenye kile kichwa. Hiyo itakuletea maneno stegi lakini maneno ya stegi yana wazee wa kuyaamua, uti wa mgongo hauna.

Hiyo amri ya kusimama mkubaliane kabla, siku ya mkutano wenu, na anayeitangaza awe kiongozi mwenyewe, aseme yeyote akitamka simama tunasimama wote hata mimi. Akikataa kutangaza basi mmejua mna kiongozi wa aina gani. Kingine, agizo lisiachwe linaelea hewani. Usiseme "jamani mtu apige 999", sema "wewe wa jaketi la kijani, piga 999 alafu rudi uniambie wamesemaje." Darasani wanacheka nikisema hivi, zoezi likianza unakuta watu kumi wamezunguka majeruhi na hakuna aliyepiga.

SWALI: Jambo mwalimu, niko Koboko. Kijana wangu aliumwa na nyoka shambani jioni, mguuni. Akaja mtu wa kujitolea wa kijiji, huyu alifunzwa na watu wa shirika, akamfunga na mpira wa tyubu ya baiskeli juu ya goti akakaza kweli kweli. Tumefika kituo cha afya usiku sana mguu umeshakuwa mweusi, tukapelekwa hospitali kubwa, huko wakaukata. Daktari alisema kule kufunga ndo kuliharibu. Sasa ndugu za mume wangu wanataka alipe ng'ombe, wengine wanasema polisi. Mimi nauliza tu, huyu mtu ni mzembe ama alikosea? Kwasababu huyu huyu aliokoa binti wa jirani aliyekatwa na panga, alifunga hivo hivo na damu ikasimama.
Mama mwenye uchungu, Koboko

JIBU: Mama pole sana, na pole kwa kijana. Jibu umelibeba mwenyewe kwenye mstari wako wa mwisho.

Mtu aliyekatwa na panga damu inaruka, kufunga na kukaza juu ya jeraha kunaokoa maisha kabisa. Mtu wenu alifanya hivyo kwa binti, binti akapona, kijiji kikamsifu. Kisha kaja mguu mwingine, jioni, watu wanalia, na kichwa chake kikamletea kile kilichofanya kazi mara ya kwanza. Mwanasaikolojia wa Uingereza James Reason, ambaye kazi yake mwaka 1990 ndo imekuwa msingi wa watu wengi wanaosoma makosa ya binadamu, alitenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya kwenye kapu moja. Kuna mkono kuteleza, ulijua na ukataka kufanya sawa ukakosea njiani. Kuna kusahau. Kuna kutumia kanuni nzuri mahali isipostahili, na hapa ndo naona yuko mtu wenu. Halafu kuna kuvunja sheria kwa makusudi, unajua hairuhusiwi na unafanya. Hayo matatu ya kwanza ukimpiga mtu fimbo hayaponi, maana hakuamua kuyafanya.

Mimi nina kipimo kimoja nakitumia. Chukua mtu mwingine aliyekaa darasa lile lile na huyu, muweke shambani jioni ile ile, angefanya nini? Kama wengi wao wangefunga, basi tatizo lilianzia darasani. Nenda muulize, mwalimu wenu alipofundisha kufunga mkanda, alisema kwa nyoka usifunge? Naona mafunzo mengi ya siku mbili yanakimbizwa, damu inafundishwa asubuhi, nyoka inawekwa mwisho wakati watu wanawaza nauli. Lakini kama aliambiwa waziwazi, akakumbushwa na nyinyi pale pale, akasema nyamazeni mimi ndo najua, au alikuwa amelewa, hapo tunaongea mengine na wazee wa LC1, yaani baraza la kijiji, wana haki ya kumwita.

Na usimwachie yeye peke yake mguu wote. Reason alipenda mfano wa vipande vya jibini, sisi wa huku tuseme vyandarua: kila kimoja kina matundu yake, ukivipanga kimoja juu ya kingine mbu hapiti, mpaka siku matundu yakutane. Kwa kijana wenu tundu la kwanza ni mafunzo, la pili usafiri maana kutoka jioni hadi usiku sana ni masaa mangapi, la tatu ni kama kituo cha kwanza mlichofika kilikuwa na dawa ya sumu ya nyoka au hakikuwa nayo. Na sumu yenyewe. Kama alikuwa kifutu, sumu yake inakula nyama hata bila kufungwa, kufunga kunaibana pale pale na kukata damu, madhara yanaongezeka. Kiasi gani ni cha mpira na kiasi gani ni cha nyoka, mimi nikiwa huku siwezi kupima na sidhani kama kuna wa kuipimia ng'ombe.

Mkitaka kulalamika, anzeni na LC na lile shirika lililomfunza, wao wanatakiwa kujua mwanafunzi wao anafanya nini kijijini, na hapo mtasaidia vijiji vingine. Mabaraza ya kitaifa ya madaktari, ya wauguzi, na lile la matabibu na fani nyingine za afya yanashughulikia watu waliosajiliwa nayo, mtu wa kujitolea hayumo.

Kwa wote mnaosoma, nyoka akiuma: vua pete, bangili, viatu kabla havijabanwa na uvimbe. Mlaze, kiungo kisitikisike, kifunge kwenye ubao au kijiti kama mfupa uliovunjika, bila kukaza. Usichanje, usinyonye, jiwe jeusi liacheni sokoni, halivuti sumu. Mbebeni, asitembee, muende mahali penye dawa. Na hili wengi hawalijui: kama mtu ameshafungwa kwa kukazwa, msiifungue ghafla mkiwa njiani, sumu iliyobanwa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo, afunguliwe kituoni mhudumu akiwa amejiandaa.

SWALI: Mkufunzi, hapa mwaloni Kalangala tukimtoa mtu majini wazee wanamning'iniza miguu juu kichwa chini maji yatoke, au wanamkalia tumbo. Sisi vijana tuliofunzwa tunataka kupuliza na kukandamiza kifua, tunagombana juu ya mwili. Na hata sisi tukianza, nesi alituona akasema mnapuliza mno. Nani yuko sawa?
Mvuvi

JIBU: Nesi.

Wazee wamekosea, na nyinyi pia. Maji yaliyoingia mapafuni huwezi kuyamwaga kwa kumning'iniza mtu, yanayotoka yanatoka tumboni mara nyingi, na mkilikandamiza tumbo atatapika na matapishi yaende mapafuni. Wakati mnagombana mtu hana hewa, na aliyezama shida yake ni hewa, kwahiyo yeye tofauti na aliyeanguka ghafla sokoni, anaanza kwa kupuliziwa. Mlaze chali mahali pagumu, fungua njia ya hewa, mpulizie pumzi za mwanzo, wengine wanafundisha mbili wengine tano, alafu kifuani mara 30, pumzi 2, kifuani 30, pumzi 2. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, na kirudi juu kabisa kabla hujashuka tena.

Kuhusu kupuliza mno, hamko peke yenu. Mwaka 2004 huko Marekani, jiji la Milwaukee, watafiti waliwapima waokoaji wa ambulansi wakiwa kazini kweli, wasomi wa kazi hiyo, wakakuta wanampa mgonjwa pumzi kama 30 kwa dakika kwa wastani, zaidi ya mara mbili ya walivyofunzwa. Wakafunzwa upya, wakapimwa tena, ikashuka lakini bado ilikuwa juu. Ukipuliza mno kifua kinajaa presha, damu haitaki kurudi kwenye moyo, kwahiyo unakandamiza moyo ambao hauna cha kusukuma. Sababu yake ni hofu, dakika moja unaiona kama tano, mkono unakimbia, wewe unaona uko taratibu tu. Dawa ni kuhesabu kwa sauti, kila mtu asikie. Na mtu wa pili kazi yake iwe hiyo, kusikiliza hesabu na kubadilishana na wewe kila dakika mbili hata kama unasema hujachoka, maana mikono inachoka kabla wewe hujajua, kifua kinaanza kushuka sentimita tatu na unajiona shujaa.

Makosa mengine mawili ya haraka haraka. Mnatafuta mapigo shingoni mpaka inapita nusu dakika, mwisho wake ni sekunde 10, huna uhakika anza. Na ile pumzi ya kukoroma mara moja moja, mdomo unafunguka kama anatafuta hewa, msiseme "anapumua mwacheni", huyo moyo umesimama.

Ugomvi na wazee mmalize kabla ya mtu kuzama, siku ya nyavu kukauka, mwalikeni mzee mmoja anayeheshimiwa awe ndo anahesabu. Akishahesabu mara moja hatamning'iniza mtu tena.

SWALI: Ofisini kwetu Kampala boksi la huduma ya kwanza liko, zuri, jekundu, lina kufuli na ufunguo yuko nao meneja wa utawala ambaye Ijumaa huwa hayupo. Dada mmoja alikatwa na kioo tukatumia lesso. Hilo ni kosa la binadamu?
Karani

JIBU: Ni la binadamu yule aliyenunua kufuli. Najua atasema bandeji zinaibiwa, basi ziibiwe, ni rahisi kuliko mkono. Likateni, na mwandike ndani ya mfuniko nani anakagua kila mwezi, maana nimeona maboksi yamefunguliwa siku ya shida ndani kuna panado na stepla.

SWALI: Jambo mkufunzi. Mimi ni konstebo, zimamoto na uokoaji, bado mpya. Tunafunzwa ukifika kwenye tukio usimguse mtu kwanza, simama, angalia, fikiri. Lakini raia wanapiga kelele, nyinyi polisi mnaangalia tu watu wanakufa, na kweli inauma. Hizo sekunde za kuangalia si ndizo zinaua? Lingine, tukirudi kambini tunakusanywa tunaulizwa nani alikosea, kila mtu anatazama viatu vyake. Kuna namna nyingine?
Konstebo, Kampala

JIBU: Afande karibu kwenye kazi.

Sekunde za kuangalia hazijaua watu kama kukimbilia. Unakumbuka Namungoona hapo Kampala, Juni 2013, kwenye baipasi ya kaskazini, lori la mafuta limepata ajali, watu wakasogea, wengi na vidumu, likalipuka wakafa zaidi ya 30. Kigogwa Oktoba 2024 kwenye barabara ya Gulu ikajirudia. Wale wengi hawakuwa waokoaji, ila muokoaji anayekuja anakimbia bila kunusa hewa, bila kuuliza upepo unaelekea wapi, bila kuangalia waya wa umeme ulioanguka, anaongeza idadi tu. Na wewe ukilala pale wenzako wanamwacha majeruhi wanakuja kwako.

Nikupe mfano wa mtu ambaye hakuna anayeweza kumuita mzembe. Dr Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Lacor kule Gulu. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia, yeye ndiye aliyeishtukia mapema, akapanga wodi ya kutenga wagonjwa, akasimamia masharti ya kujikinga kwa ukali. Ule mlipuko uliwapata watu 425 wakafa 224, na bila yeye sijui ingekuwa ngapi. Kwa walivyokuja kueleza wenzake, alfajiri moja ya Novemba aliamshwa, muuguzi wake mwenyewe aliyekuwa mgonjwa anatoka damu, amechanganyikiwa, anatoka kitandani. Daktari akavaa barakoa, gauni, glavu, akaingia kumsaidia bila kinga ya macho. Inaaminika ndipo alipoambukizwa. Akafariki tarehe 5 Desemba 2000, ana miaka 43.

Mimi sioni pale upungufu wa elimu wala wa moyo. Naona mtu aliyechoka kwa wiki nyingi, ametolewa usingizini, anayempenda mgonjwa wake, na hakuna mtu mlangoni wa kumwambia "daktari, macho." Ndo maana wodi za Ebola siku hizi mtu hajivalishi akaingia kivyake, kuna mwenzake anamkagua kuanzia kichwani hadi buti, na huyo mwenzake anaweza kuwa mdogo kabisa kwa cheo na ana haki ya kumzuia profesa. Fanyeni hivyo hivyo kwenye gari lenu. Kabla mlango haujafunguliwa, aliyekaa kushoto anamkagua wa kulia, glavu, helmeti, redio, kwa mdomo na kwa mkono. Haichukui hata sekunde 10, na mnaifanya gari likiwa bado linatembea, kwahiyo hakuna raia anayewaona mmesimama.

Kuhusu kikao. Ukianza na "nani alikosea" umeshafunga midomo, kila mtu anapiga hesabu ya mshahara na uhamisho wa kutupwa mbali Karamoja. Jeshi la Marekani tangu miaka ya 1970 lina kikao chao baada ya kazi chenye maswali ambayo yanafaa kuibiwa. Tulitegemea nini kitokee? Kimetokea nini? Tofauti imetoka wapi? Kesho tubadilishe nini? Jina la mtu halimo kwenye swali hata moja. Mimi ninaongeza mambo yangu, mkafanye kikao siku hiyo hiyo lakini baada ya kunawa na kula, mtu mwenye njaa anasikia kila neno kama tusi. Mdogo kwa cheo aongee wa kwanza, maana mkubwa akishasema "mimi naona kazi ilikwenda vizuri" konstebo gani atasimama kusema mkanda ulifungwa chini ya kidonda? Na kinachoandikwa kiwe kitu cha kubadilisha, kwa mfano mikasi ihamie mfuko wa juu, isiwe "tuwe makini zaidi", hiyo tumeiandika tangu nikiwa kijana na mikasi bado inatafutwa.

Najua wewe ni konstebo na kikao si chako. Mpelekee kamanda wako hayo maswali manne kwenye karatasi, kwa heshima, mkiwa wawili, umwambie afande tumeyasoma mahali tungependa maoni yako. Akiyachukua kama ya kwake usilalamike.

Kuna jambo moja haliingii kwenye uvumilivu huu wote. Mwenzako akifika kazini amekunywa, au anapekua mifuko ya majeruhi, au anadai hela kabla ya kupakia mtu, usiliite kosa la binadamu ukalileta kwenye kikao cha maswali manne. Hilo lina ofisi yake.

Na wale raia wanaopiga kelele wakati mnaangalia, usiwajibu na usiwafukuze. Chagua yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, mwite karibu, mpe reflekta asimame mbali kidogo upande magari yanakotokea, ayapunguze mwendo. Mwambie arudie ulichomwagiza. Atanyamaza, na utakuwa umepata mtu wa kazi.